Jino Lililovunjika na Mwanya wa Kuzaliwa

Katika mwambao wetu, mwanya wa meno ya mbele haukuwa aibu kamwe. Wazee waliusifu, wakauhesabu kuwa ni pambo ambalo Mola humtunukia amtakaye. Jino lililovunjika ni jambo jengine: humfanya mwenyewe ajifiche nyuma ya kiganja au upindo wa leso.

Sisi wazazi tulilazimika kuzipambanua hali hizo mbili pale binti yetu alipoanguka gatini, hapa Kiunga, akavunjika nusu ya jino la mbele. Kwa miezi kadhaa alicheka amefumba mdomo. Madrasani, yeye aliyekuwa wa kwanza kujitolea kusoma kwa sauti akawa wa kukaa safu ya nyuma. Baadhi ya jamaa walitunasihi tumwache vivyo hivyo, kwani kulitengeneza jino ni kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu.

Hofu hiyo ina asili yake. Katika hadithi ya Ibn Mas'ud wamelaaniwa wanaotia mianya katika meno kwa ajili ya uzuri. Lakini imepokewa pia kuwa sahaba Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab zama za ujahili, alijitengenezea pua ya fedha, ilipomnukia, Mtume (S.A.W.) alimwamuru atumie ya dhahabu. Hapo wanazuoni wengi wamejengea tofauti: kuondoa dosari iliyompata mtu si sawa na kugeuza umbile kwa kutafuta urembo tu. Mwalimu tuliyemuuliza alitujibu vivyo hivyo.

Basi tulingoja kusi lipungue, tukaenda Lamu kwa boti, tukavukia Mokowe, na kutoka hapo tukapanda basi hadi Mombasa. Daktari wa meno alilipaka jino asidi ili uso wake ukwaruzike kidogo, njia iliyobuniwa na Michael Buonocore wa Marekani mwaka 1955. Kisha akatia gundi, akaweka resini yenye rangi ya jino, akaifinyanga na kuigandisha kwa taa ya buluu. Hakudunga sindano, na kazi haikuzidi saa moja.

Alipomaliza, alijitolea kuuziba na ule mwanya. Binti yetu alitutangulia kujibu: "La, daktari. Huu ni wa bibi yangu."

Resini haidumu milele. Kwa kawaida huhitaji kutengenezwa upya baada ya miaka 5 hadi 10. Kahawa, chai na tambuu huitia rangi, na vitu vigumu huimegua. Kwa hiyo ameusiwa asikate mshipi wa kuvulia kwa meno wala asivunje magamba ya kaa, na asiuache mswaki, ambao kwetu ni usafi na ni sunna.

Wazazi wenzetu, kabla ya kulitamka neno haramu mbele ya mtoto anayeficha mdomo wake, tuwaulize wenye elimu. Tumefundishwa na Mtume kuwa kutabasamu mbele ya ndugu ni sadaka. Mtoto asiye na mali ana sadaka hiyo. Tusimfungie mlango wa kuitoa.

Wallahu aalam.