TUZIULIZE ALAMA ZA BARABARANI



Ndugu msomaji, mimi ni mzaliwa wa milima ya Upare. Kwetu juu barabara ni ya udongo, na alama tuliyoizoea ni matawi mabichi yaliyolazwa njiani. Kila mtu anajua maana yake: mbele kuna gari limeharibika, punguza mwendo. Nilipoteremka Same kusoma, nikakuta barabara kuu ina mabango mengi nisiyoyaelewa.

Nilimuuliza ustadh wetu, naye akanifundisha kuanzia umbo. Pembetatu yenye ukingo mwekundu hutahadharisha: kona, watoto, wanyama. Duara lenye ukingo mwekundu hukataza au huweka kikomo. Ukiona 50 ndani yake, dereva asizidi kilomita 50 kwa saa. Ukiona 50 iliyokatwa kwa mstari, kikomo kimeisha na magari yanaanza kukimbia. Basi mtoto asivukie hapo. Na hata penye 50, atazame pande zote kwanza.

Alama iliyotutia hofu zaidi nyumbani ilikuwa ya ukutani. Bibi yangu ana nyumba Hedaru, kando ya barabara hiyo hiyo. Siku moja aliamka akakuta imechorwa X ya kijani. Majirani wakasema itabomolewa bure. Akatokea mtu anayetaka kununua kiwanja kwa bei ya kutupa, akimhimiza auze kabla tingatinga halijafika. Bibi alikaribia kukubali. Mjomba akamwambia, "Mama, subiri kwanza tuulize."

Wakaenda ofisi ya kijiji, wakaeleweshwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani huwekewa X nyekundu, naye halipwi fidia. Aliyekuwa nje yake, kisha akakutwa na nyongeza hiyo, huwekewa X ya kijani, naye anastahili fidia. Bibi hakuuza. Fidia bado anaisubiri, lakini haki yake haikwenda kwa mtu mwingine.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 16, Allah (s.w.) anazitaja alama miongoni mwa neema zinazowaongoza watu njiani. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 43, anatuamrisha tuwaulize wenye ujuzi ikiwa hatujui. Naye Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Kwa hiyo gari likishatengenezwa, matawi na mawe yaondolewe, maana alama iliyoachwa humdanganya anayefuata.

Wanafunzi wenzangu, wazee wetu wengi hawakupata kusoma. Tukijifunza maana ya alama hizi, tukawaeleze na wao nyumbani, kabla hajatokea mtu wa kuwaeleza kwa faida yake.

Wabillahi tawfiq.