Paris: Jalada Lililotununisha

Wengi wakifika Paris hukimbilia Mnara wa Eiffel. Mimi nilimvuta mume wangu kwanza kando ya mto Seine, kwenye masanduku ya kijani ya wauza vitabu vya zamani. Jamani, ukipenda vitu vya kale hapo hutoki! Nilikuwa natafuta majalada ya toleo la wiki la Le Petit Journal, ambalo tangu 1890 lilitoka na picha ya rangi ukurasa wa mbele. Enzi hizo hakuna televisheni. Vita na ajali watu waliziona humo.

Nikaangukia moja la 13 Januari 1895. Ofisa kasimama wima, askari anamvunjia upanga wake mbele ya jeshi zima. Rangi bado nzuri. Nikaliona tayari liko juu ya kochi letu.

"Mpenzi, unamjua huyu?" Mume wangu, mtu wa historia, akanisomea maneno ya chini: "Le Traître", yaani msaliti. Ni Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi aliyesingiziwa kuwauzia Wajerumani siri za jeshi la Ufaransa. Alifungwa kisiwani miaka minne na zaidi, na mahakama ikaja kumsafisha mwaka 1906. "Siwezi kukaa sebuleni na uongo," akasema. Mimi naona urembo, yeye anaona dhuluma. Nikalipa hivyo hivyo, tukanuniana.

Baadaye akanipeleka kimya kimya hadi barabara ya Raspail. Pale kuna sanamu ya Dreyfus, kazi ya msanii Tim, kashika upanga uliovunjika mbele ya uso wake. Nikaishiwa maneno. Nikaipiga picha.

Leo ukutani kwetu viko viwili, bega kwa bega: jalada na picha ya sanamu. Mgeni akiuliza, tunasimulia wote.

Nawe ukienda, geuza jalada kabla ya kulipa: la kweli lina maandishi ya gazeti nyuma, kopi nyingi ziko tupu. Usilibandike kwa selotepu, na liweke mbali na jua, maana karatasi ya gazeti huwa ya njano haraka. La mwisho, muulize mwenzako anaona nini kwenye picha kabla hujapiga msumari. Ukuta ni wenu wote.