Dakika Tatu za Kocha

Kocha wa mpira wa mikono ana dakika tatu tu. Mechi ni dakika 60, nusu mbili za dakika 30, na ndani ya muda wote huo sheria inamruhusu kuomba mapumziko matatu, kila moja dakika moja. Anaweka kadi ya kijani juu ya meza ya mtunza muda, king'ora kinalia, wachezaji wanamzunguka. Akishazimaliza, hawezi tena kuusimamisha mchezo. Mpira uko mikononi mwa watoto wa watu.

Sheria hiyo niliijua miaka mingi kabla sijaielewa. Nilianza kucheza nikiwa kidato cha pili, nafasi ya katikati, kazi yangu kugawa mipira. Nilipoajiriwa ualimu nikakabidhiwa timu ya wasichana, nikaifundisha kwa mkono wangu mwenyewe. Msichana akikosea pasi, naingia uwanjani, nachukua mpira, narusha: "Hivi!" Siku za mechi nilitembea kandokando ya mstari nikiita kila pasi. Uwanja wetu ni wa saruji iliyochimbika. Vumbi likishika mpira, unateleza viganjani kama sabuni. Wao walihangaika na utelezi huo, mimi niko nje, mikono mikavu, nina majibu yote.

Siku moja tukiwa mbele kwa mabao mawili, nahodha wangu alipata mpira karibu kabisa na mstari wa mita 6. Kipa alikuwa amelalia kulia, kushoto kote kuko wazi. Nahodha akageuka kunitazama. Katika mchezo huu mpira haushikwi zaidi ya sekunde tatu bila kuudunda, kuupasi au kuurusha. Zikapita, mwamuzi akapuliza filimbi, mpira ukaenda kwa wapinzani. Baada ya mechi alinijia, macho chini, akasema taratibu: "Shikamoo Mwalimu. Nisamehe, nilikuwa nasubiri useme."

Neno hilo lilinikaa kifuani siku nyingi. Yule binti alikuwa ameliona lango vizuri kuliko mimi, ila nilikuwa nimemfundisha kutoyaamini macho yake.

Kwa muda mrefu nimefuatilia maisha ya kocha wa mpira wa mikono Talant Dujshebaev, na tangu siku ile nayatazama kwa jicho jingine. Alizaliwa mwaka 1968 mjini Frunze, ambao leo ni Bishkek, mji mkuu wa Kirgizia. Mwaka 1992 alitwaa dhahabu ya Olimpiki jijini Barcelona akiwa na kikosi cha pamoja cha zilizokuwa jamhuri za Kisovyeti, wakati nchi iliyomlea kimichezo imekwisha kuvunjika. Akabaki Hispania, akachukua ubingwa wa klabu za Ulaya na Santander mwaka 1994, akapewa uraia, akaipatia Hispania shaba mbili za Olimpiki, 1996 na 2000. Mara mbili alitajwa mchezaji bora wa dunia. Naye alicheza katikati, mahali pa mtu anayeamua mpira uende wapi.

Mtu wa namna hiyo akiwa kocha, mtihani wake ni mkubwa kuliko wa kocha ambaye hakuwahi kung'ara. Anaiona pasi kabla ya wote, na mkono wake unaikumbuka. Klabu ya Ciudad Real ilipomkabidhi timu mwaka 2005, mwanzoni alikuwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja. Naamini siku ngumu kwake ilikuwa ile ya kuivua jezi kabisa, akabaki na benchi peke yake. Hata hivyo klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Ulaya mara tatu chini yake: 2006, 2008 na 2009.

Lakini mechi ninayoirudia ni ya tarehe 29 Mei 2016, fainali ya Ligi ya Mabingwa jijini Cologne, Kielce ya Poland, aliyokuwa akiifundisha, dhidi ya Veszprém ya Hungaria. Dakika ya 45 Kielce walikuwa nyuma 28 kwa 19. Anayeujua mchezo huu anajua kwamba pengo la mabao tisa, robo saa kabla ya mwisho, ni msiba. Dujshebaev, miaka 47, amesimama nje ya mstari, na mkono uliowahi kuwa bora duniani hauna ruhusa ya kugusa chochote. Katika dakika 15 zilizobaki vijana wake walifunga mabao kumi na kuruhusu moja tu. Ikawa 29 kwa 29, la kusawazisha likiingia mwishoni kabisa. Muda wa ziada, 35 kwa 35. Kwa penalti, Kielce wakawa mabingwa, 39 kwa 38.

Mtu haokoi mechi kama ile kwa kelele za dakika ya 45. Ulinzi ule ulijengwa kwenye mazoezi, miezi mingi kabla, na kocha aliyewaamini wachezaji wake kiasi cha kuwaachia. Na haimaanishi kwamba ukiwaachia utashinda. Mwaka 2022 Kielce hiyohiyo, chini yake, ilipoteza fainali kwa Barcelona kwa penalti. Mwaka uliofuata ikapoteza kwa Magdeburg, 30 kwa 29 baada ya muda wa ziada. Kielce ndiko alikowafundisha hata wanawe wawili, Alex na Daniel. Mimi mzazi nawaza: mwanao ana mpira, sekunde zinakwisha, na wewe huna hata moja ya zile dakika tatu.

Siku hizi kwenye mazoezi nauliza zaidi kuliko ninavyoonyesha. "Umeona nini pale?" Mwanzoni walinyamaza, wakidhani nawatega. Sasa wanabishana wao kwa wao, na mara nyingine wananibishia mimi, kwa heshima, na wako sahihi. Siku ya mechi nakaa. Bado mkono wangu wa kulia hukunja vidole kila pasi ikitoka, basi nimeuzoesha kushika kadi yetu ya kijani, tuliyoikata kwenye jalada la daftari.

Nahodha yule amemaliza shule. Wa sasa yuko kidato cha tatu, mfupi, mkali wa macho. Msimu huu yeye ndiye anayenipa ishara lini niiweke ile kadi mezani.