Petroli Kidogo Kifunikoni

Muuza duka wa Naitiri akipewa noti ya elfu moja huiinua kwenye mwanga kabla ya kurudisha chenji, akitafuta kichwa cha simba kilichofichwa ndani ya karatasi. Stempu za kikoloni nazo zilifichiwa alama ya aina hiyo. Tatizo ni kwamba stempu ina upana wa kidole gumba, mbele imejaa wino na nyuma ina gundi iliyokauka. Ukiiinua juani utaona kivuli cha vidole vyako, basi.

Nilianza kuzitazama nyumbani kwa baba mdogo, huku Tongaren, katika mashamba waliyogawiwa Waafrika walowezi walipoondoka wakati wa uhuru. Kwenye stoo ya nyumba aliyoikuta kulikuwa na kasha la bahasha kuukuu. Nyingi zilikuwa zimeshatumika kuwashia moto jikoni kabla hajauliza ni za nini. Yeye alikuwa karani wa chama cha ushirika, mtu wa karatasi na mihuri, akaona dhambi kuendelea kuzichoma.

Stempu zilizotusumbua zaidi ni zile zenye kichwa cha Mfalme George wa Tano na maneno East Africa and Uganda Protectorates. Zilianza kutolewa 1912, kwenye karatasi yenye mataji madogo na herufi CA zilizorudiwarudiwa, yaani Crown Agents, mawakala waliosimamia uchapishaji wa stempu za makoloni mengi ya Uingereza. Mwaka 1921 picha ileile ilichapwa kwenye karatasi nyingine, ambayo CA yake ni ya mwandiko wa mkono. Mbele huoni tofauti. Kenya ilikuwa imeshafanywa koloni mwaka 1920, lakini jina lake halikuingia kwenye stempu hadi 1922. Na miaka hiyo ndiyo Trans Nzoia ilikuwa inagawiwa askari Wazungu waliotoka vitani, kwa hiyo barua zao za mwanzo ziliangukia papo hapo kwenye badiliko.

Vitabu vya wakusanyaji vilitaja dawa maalumu ya kuonyesha alama. Ilikuwa Uingereza, kwa bei ya pauni. Vile vya zamani zaidi vilipendekeza benzini, na vingine kaboni tetrakloridi, ambayo haishiki moto lakini huharibu ini. Hiyo baba mdogo aliisoma akafunga kitabu.

Tuliloanza nalo ni maji. Stempu ikibanduliwa kwenye bahasha kwa maji, kuna dakika chache ingali imelowa. Ukiilaza kifudifudi juu ya kitu cheusi, alama hujichora yenyewe. Karatasi ni nyembamba pale alama ilipogandamizwa, na ikilowa, weusi wa chini hupenya pale kwanza. Maji ni bure, na mpaka leo ndiyo njia ninayoiheshimu kuliko zote. Ila yana mipaka. Stempu mpya yenye gundi hupoteza gundi. Na baadhi ya zile za thamani ya juu zilichapwa kwa wino uliotengenezwa makusudi ukimbie, ili mtu asiweze kuosha muhuri wa posta na kuitumia stempu tena. Maji huondoka na rangi pamoja na uso wa chokaa wa karatasi. Mjanja wa London alimtegea mwizi wa 1912. Aliyenaswa ni mkusanyaji wa Tongaren.

Kila mgeni aliyetukuta kazini alishauri mafuta ya taa, maana yalikuwa kila nyumba. Yanaonyesha alama vizuri sana, kisha hayaondoki. Karatasi hubaki na doa la mafuta. Spiriti nayo ina maji ndani yake, na hula baadhi ya wino. Siku hizi vijana wa bodaboda huniambia nitumie petroli ya chupa za soda zinazouzwa kando ya barabara. Ile ina rangi na viungo vya injini, iachie pikipiki.

Ukombozi ulikuwa kikopo cha petroli ya kujazia viberiti vya chuma, kutoka duka moja la Kitale. Ni petroli nyepesi, iliyosafishwa, inayokauka bila kuacha kitu, na haigusi gundi. Kikopo kimoja kilitutosha muda mrefu kwa sababu tulitumia matone mawili matatu tu. Kwa sahani tulitumia kifuniko cheusi cha kikopo cha filamu ya kamera. Mpiga picha wa mjini alikuwa anavitupa. Kazi ilifanyika mchana, dirisha wazi, maana usiku mwanga wetu ulikuwa koroboi, na mvuke wa petroli hauhitaji kuitwa mara mbili na moto. Stempu za rangi zilizochapwa kwa mtindo wa picha hatukuzigusa, kwa kuwa wino wake mwingine huyeyuka humo.

Kuna jambo lilinichukua muda kulikubali: stempu nyingi hazikuhitaji kuloweshwa kabisa. Zile za George wa Sita zilizoanza 1938, zenye korongo, simba na jahazi la Ziwa Victoria, zote zina alama ileile ya mwandiko. Huko kinachotofautisha ni meno ya pembeni, na meno huhesabiwa kwa rula. Stempu nyingi za siku hizi hazina alama yoyote. Nikiwaona wanaoanza wanauliza dawa wanunue wapi, mimi huwauliza kwanza wana stempu gani.

Sasa binti yangu ana simu. Huiweka stempu kifudifudi juu ya kigae cheusi, humulika tochi kutoka ubavuni, hupiga picha, kisha huondoa rangi na kukoleza weusi na weupe. Herufi hutokea zikisomeka kinyume, kwa kuwa ni mgongo wa stempu, naye huigeuza picha kwa kidole. Hakuna harufu. Njia hiyo hufaulu mara nyingi, nami nimeacha kubisha.

Haifaulu kwa ile ya senti 10 yenye rangi ya machungwa, yenye muhuri uliofutika mwaka. Baba mdogo, macho yakiwa yamechoka lakini msimamo haujachoka, anasema ni karatasi ya 1912. Mimi naona mwandiko wa 1921. Simu inakubaliana naye au nami, kutegemea nani ameshika tochi.