Mkokoteni Utakungoja

Wadogo zangu wa Gredi ya 5 na ya 6, mlioko Kaptembwo, Rhonda, Njoro, Molo, Gilgil na kule Solai, muhula ninaouogopa kwa niaba yenu ni wa tatu. Wa kwanza una joto la mwaka mpya, wa pili una michezo. Huu wa tatu ni mfupi, unaangukia mavuno ya mahindi na viazi, na wakati huo kila mtu ameshachoka, wakiwemo baadhi ya walimu. Mvulana akitoroka Februari atatafutwa. Akipotea Oktoba watu husema, ah, mwaka umeisha, atarudi Januari.

Mimi ni wa kizazi cha elimu ya bure ya 2003. Serikali ya Kibaki ilipoondoa karo za shule za msingi nilikuwa darasa la tatu, na darasa letu lilifurika hata wengine wakakaa sakafuni. Tuliishi upande wa Molo, viazi na mahindi, ng'ombe wawili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007 nyumba za jirani zilichomwa, kisha yetu, na mwaka mpya ukatukuta kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru, Shograundi kama tunavyouita. Kabla Januari haijaisha, Nakuru nayo ikashika moto. Tulikuwa tumekimbilia mji ambao wenyeji wake walianza kuukimbia.

Hapo nilikuwa naingia darasa la nane. Tulisomea ndani ya hema, watoto wa shule nyingi tofauti tumechanganywa, daftari juu ya magoti. Mvua ikinyesha mwalimu alinyamaza, maana hakuna aliyemsikia. Lakini sitawadanganya: hema halikuwa tatizo langu. Hemani sote tulikuwa sawa, na shule ndiyo ilikuwa shughuli pekee iliyofanana na maisha ya zamani. Nilikwenda kila siku na nilipenda kwenda.

Tatizo lilikuja baadaye, hali ilipoonekana imetulia. Mei serikali ilianza ule mpango wa Rudi Nyumbani, na familia zikapewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Baba alirudi shambani kuangalia kilichobaki. Mama alikataa katakata. Alichukua chumba cha mabati Kaptembwo, nami nikaandikishwa katika shule ya umma mjini. Alfajiri alipanda kwenda Milimani kufua nguo za watu, na kuna siku alirudi bila kazi. Bei ya unga mwaka huo ilikuwa ikipanda tu.

Kwa hiyo nikaanza kwenda soko la Wakulima baada ya masomo, kusaidia kusukuma mkokoteni. Wenye kulijua soko hilo wanaijua lumbesa, lile gunia la viazi lililoongezewa kilemba cha wavu juu hadi halifungiki. Mtu mzima hubebeshwa na wenzake wawili ndipo asimame nalo. Mimi nilisukuma nyuma na kuweka jiwe chini ya gurudumu kwenye mteremko. Jioni napewa hamsini, siku njema mia.

Septemba malori kutoka Mau Narok yakaongezeka na Ijumaa ikawa siku ya soko badala ya shule. Kisha Alhamisi. Hakuna aliyenifukuza, na sikuwahi kuketi nikaamua kuacha. Ndivyo wavulana wanavyoiacha shule, na ndiyo sababu hotuba za kuwaambia msiache shule haziwafikii: hakuna kati yenu anayejiona ameacha. Shilingi hamsini ya saa kumi jioni ina sauti kubwa kuliko cheti cha mwaka ujao. Tena nikiingia na pakiti ya unga wadogo zangu walinitazama kwa macho mapya. Darasani nilikuwa mtoto wa kusimamishwa kwa kuchelewa, sokoni niliitwa "kijana wa kazi".

Halafu kulikuwa na Desemba. Hapa kwetu Bonde la Ufa mnaelewa. Wengi wa rika langu walikuwa wakingoja tohara baada ya mtihani wa darasa la nane, na maneno ni yaleyale kwa Wakalenjin na kwa Wakikuyu: sasa unakuwa mwanaume. Sina ugomvi na jando, mimi mwenyewe nimelipitia na ninaliheshimu. Ugomvi wangu ni na wale wanaowanong'onezea vijana kwamba mwanaume hakai dawati moja na watoto. Na leo jambo hili limekuwa gumu kuliko enzi zetu. Sisi tukimaliza darasa la nane tulihama. Mtihani wetu huo, KCPE, ulifanywa mara ya mwisho 2023, na sasa ukimaliza Gredi ya 6 na mtihani wako wa KPSEA, mara nyingi sekondari msingi iko ndani ya ua uleule. Unatoka jandoni Desemba, Januari unapita langoni pamoja na vitoto vya chekechea. Wapo wanaoona aibu wasirudi.

Aliyenikomboa ni mama, na hakunikomboa kwa mawaidha. Mwalimu wa hisabati alimtumia ujumbe kupitia dada yangu kwamba kiti changu kinakaa kitupu. Siku iliyofuata mama hakwenda Milimani. Alikuja Wakulima na leso yake, akamtafuta mwenye mkokoteni katikati ya magunia, akamsalimu kwa heshima, akamwambia: "Baba, mwanangu ana namba ya mtihani. Mpaka amalize, usimpe kazi."

Nilidhani yule mzee angecheka. Alikuwa ameishia darasa la tano, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea risiti ili madalali wasimpunje. Alinigeukia akasema, "Mkokoteni utakungoja. Huu hauna namba." Kesho yake nilienda kumjaribu, akanifukuza mbele ya wenzangu. Nilimchukia wiki nzima.

Wiki zilizobaki hazikuwa tamu. Tulilala mara nyingine na chai ya rangi. Mwalimu alinirudisha kwenye mambo niliyoyakosa, hasa asilimia na eneo la duara, wakati wa mapumziko ya chakula, na kwa kuwa sikuwa na chakula cha mchana hakukuwa na kilichonisumbua. Mtihani ulikuwa siku tatu. Insha ya Kiswahili nilimaliza kabla ya muda, hisabati kengele ikanikuta.

Shuhuda nyingi za namna hii huishia kwenye alama mia nne na shule ya kitaifa. Mimi nilipata 268 kati ya 500. Zilinitosha kuingia shule ya upili ya kutwa, na bahati yetu ni kwamba tangu 2008 serikali ilikuwa ikimlipia kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma shilingi 10,265 kwa mwaka. Bila ile karatasi ya darasa la nane nisingehesabiwa humo. Kutoka pale nilienda chuo cha ufundi, na leo ni fundi wa umeme. Ninatia nyaya katika nyumba za Njoro na Lanet, na eneo la duara linanihusu kila ninapochagua unene wa waya.

Kwenye mijengo hiyo hawakosi wavulana, hasa Oktoba, wanaokuja kuomba kubeba mawe. Nawauliza wako gredi gani na shule inafungwa lini, kisha nawaambia warudi siku hiyo. Wengi hukasirika wakaenda kwa mwingine, na mwingine huwapa. Mwaka jana mmoja alirudi kweli, Novemba, na ripoti yake mkononi kana kwamba nimemwomba. Likizo yote alinishikia tochi na kunipangia nyaya, nikamlipa kama wengine. Januari alitaka kuendelea. Nikampigia mamake simu mbele yake, tukakubaliana ni likizo ya Aprili, kazi ikiwepo.