Dini, Wazimu, Rabsha: Msamiati wa Kupiga Marufuku

Aghalabu historia ya Dini ya Msambwa, harakati iliyoongozwa na Elijah Masinde miongoni mwa Wabukusu katika miaka ya 1940, husimuliwa kwa kuanzia na bunduki. Mimi naanza na msamiati, kwa kuwa naamini kwamba harakati hiyo ilihukumiwa katika lugha kabla ya kufikishwa mahakamani.

Neno la kwanza ni 'dini' lenyewe. Katika Kiswahili neno hili lina hadhi: Uislamu ni dini, na Ukristo ni dini. Lakini maafisa wa kikoloni walipolitia katika Kiingereza chao, wakalipachika hata 's' ya wingi, liligeuka kuwa jina la kundi lolote la Waafrika lililoshukiwa. Imani ya mmishonari haikuitwa hivyo. Neno liliachwa bila kufasiriwa, na huko kutofasiriwa ndiko kulikolitia sumu: msomaji wa ripoti alitahadhari kabla hajaelezwa waumini waliamini nini.

Neno la pili ni 'wazimu'. Masinde, aliyesifika ujanani kwa kucheza kandanda, alitiwa katika hospitali ya Mathari mwaka 1945, akatoka mwaka 1947. Alidai ardhi, alipinga amri za kilimo na aliwataka Wazungu waondoke. Madai kama hayo hujibiwa kwa hoja; mwendawazimu hajibiwi, hutibiwa. Daktari aliyesimamia Mathari miaka hiyo, J. C. Carothers, ndiye aliyekuja kuiandikia serikali kitabu kuhusu saikolojia ya Mau Mau, kilichochapishwa mwaka 1954. Kwa mara nyingine, dai la kisiasa lilisomwa kama ugonjwa.

Neno la tatu ni 'rabsha'. Tarehe 10 Februari 1948, polisi waliufyatulia risasi umati wa waumini huko Malakisi, wakaua watu 11. Mwaka huo huo harakati ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu. Tarehe 24 Aprili 1950, huko Kolloa, Baringo, wafuasi wa Lukas Pkiech miongoni mwa Wapokot walipambana na kikosi cha serikali. Walikufa Wapokot 29, Pkiech akiwa mmojawapo, Wazungu watatu na askari mmoja Mwafrika. Katika anwani ya ripoti yake, tume ya uchunguzi iliuita mkasa huo kwa neno la Kiingereza ambalo kwetu ni 'rabsha', kana kwamba ni ugomvi wa sokoni. Maiti 33 hazienei katika neno hilo.

Sidai kwamba waumini hawakuwa na lawama. Harakati hiyo ilihusishwa na uchomaji wa majengo, na huko Kolloa mikuki iliua. Hata hivyo, kuchoma na kuua ni makosa yenye majina katika sheria; hayahitaji msaada wa neno 'dini'.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba uhuru haukuufuta msamiati huu. Serikali ya Jomo Kenyatta, ambaye mwenyewe alikuwa mfungwa wa wakoloni, iliipiga marufuku harakati hiyo tena mwaka 1968. Masinde alitiwa kizuizini tena chini ya bendera aliyoitamani, akafariki mwaka 1987.

Suala hili halijapitwa na wakati. Baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa katika msitu wa Shakahola kuanzia mwaka 2023, hapana awezaye kudai kwamba dola haina wajibu wa kuwalinda raia dhidi ya wahubiri. Lakini mashtaka yaliyofikishwa mahakamani yalitaja matendo: mauaji, na ukatili dhidi ya watoto. Huo ndio uzito wa sheria. Hatari huanza pale hasira ya haki inapohama kutoka kwa tendo na kuliandama jina, hata kila kikundi kinachosali kichakani kikaitwa 'dhehebu potovu'.

Sisi tunaofundisha kusoma tuna wajibu mdogo, ila hauepukiki. Tunapokutana na jina kama hilo katika gazeti au tangazo la serikali, tuulize swali ambalo Masinde hakuulizwa kwa haki: watu hawa wametenda nini?