Taa ambayo dereva haioni

Msimu wa karafuu ukifika, kando ya barabara za Pemba huwa ni uwanja wa kazi wa familia nzima. Majamvi hutandikwa karibu na lami tangu asubuhi, karafuu zikaanikwa, na harufu yake humfikia abiria kabla hajakiona kijiji. Jua likianza kuteremka, kina mama na watoto hutoka kuzianua kabla ya umande. Mmoja anashikilia gunia, mwengine anakusanya kwa viganja, na mdogo kabisa anafukuza kuku. Saa hiyo hiyo, kuelekea saa kumi na mbili jioni, gari za abiria zinarudi kutoka Chake Chake zimejaa.

Kisiwa hiki kiko kiasi cha nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo magharibi yake haidumu. Jua likishazama, nusu saa haipiti ila giza limefunga. Watoto wanaorudi chuoni baada ya sala huwa bado wako njiani.

Barabara inayotoka bandari ya Mkoani kwenda Chake Chake, kiasi cha kilomita 30, hupanda na kushuka kupitia Mtambile, katikati ya mikarafuu, minazi na migomba. Pemba ina vilima vingi kuliko Unguja. Mtembea kwa miguu aliye bondeni haioni gari iliyo nyuma ya kilima, na dereva naye hamuoni yeye. Usiku, kinachotangulia kuonekana kwenye kona ni taa. Na kama taa haipo, hutangulia mlio, ambao mtoto hawezi kuujua umbali wake.

Gari nyingi zilizozoeleka katika njia hizi ni lori ndogo zilizojengewa bodi nyuma na mafundi wa hapa hapa: paa, mabenchi yanayotazamana, na juu yake mikungu ya ndizi na magunia. Mara nyingi bodi hiyo ni pana kuliko kichwa cha gari. Taa kubwa za mbele zinaonesha upana wa kichwa tu, hazisemi chochote juu ya ubao uliotokeza pembeni kwa shubiri moja au mbili. Hiyo ni kazi ya taa ndogo za kona. Kwa kawaida nyeupe huwekwa mbele, za rangi ya chungwa ubavuni, na nyekundu nyuma. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuufahamu mpangilio huu kwa maneno manne: nyeupe inakuja, nyekundu inakwenda.

Taa kubwa ikiungua, dereva anajua usiku ule ule kwa sababu haoni njia. Taa ya nyuma ikiungua, yeye hapungukiwi na kitu. Anaweza kuendesha mwezi mzima, akapeleka watu harusini na mazikoni, asijue kuwa mgongo wa gari yake ni kiza kitupu. Anayejua ni aliye nyuma: mwenye bodaboda, mwenye baiskeli, au abiria aliyeshuka akazunguka kuvuka. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Si kila ajali ni ya taa, lakini hii ni sababu inayoondoka kwa globu moja, na globu ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa dukani.

Kwa nini basi taa hizi hufa mara kwa mara? Ukimuuliza fundi umeme wa magari wa visiwani, kwanza atataja chumvi. Gari imevuka bahari kwa meli, inalala karibu na pwani, inapumua hewa ya bahari kila siku. Unyevu hupenya kwenye kava lenye ufa, na baada ya muda ndani ya holda kunaota unga wa kijani au mweupe. Mwenye gari hununua globu mpya, haiwaki, anadhani ameuziwa mbovu. Kumbe umeme haupiti.

Dawa yake ni kipande cha msasa laini. Fundi huzima taa, hufungua skrubu za kava, hutoa globu kwa kuisukuma ndani na kuizungusha kidogo, kisha husugua holda mpaka chuma king'ae. Halafu hufuata waya unaorudisha umeme kwenye chasi. Huo ndio unaosahauliwa, hasa katika gari za bodi ya mbao, maana mbao haipitishi umeme na waya huo lazima ufike kwenye chuma kisafi. Ukilegea, taa huanza vituko: dereva anawasha indiketa ya kulia, na taa nyekundu ya nyuma nayo inapepesa. Akiuona mchezo huo, mzazi aliyesimama kituoni atajua kuwa gari ile inataka fundi.

Globu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili ndani: wa wati 5 wa taa ya kawaida na wa wati 21 wa breki. Vipini vyake havilingani urefu makusudi, ili isiingie kinyume. Wapo wanaoilazimisha, na matokeo yake ni gari inayoonekana imeshika breki safari nzima, hata inaposhika kweli hakuna anayestuka. Volti nazo ziangaliwe: gari ndogo nyingi hutumia 12, lori kubwa 24. Globu ya 24 kwenye gari ya 12 huwaka kama kaa linalozimika. Na fyuzi ikikatika, isibadilishwe kwa karatasi ya sigara wala waya. Katika bodi ya mbao yenye abiria ishirini, hilo ni kuchezea moto kwa maana yake halisi.

Ajabu ni kuwa watu wa Pemba si wageni wa taa za usiku. Wavuvi wa dagaa wametumia karabai vizazi na vizazi, na Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini baada ya msitu wa Ngezi, kuna mnara wa taa wa chuma uliosimama zaidi ya miaka mia. Baharini mtu anaona aibu kutoka bila taa. Barabarani gari ikiharibika kilimani, dereva huvunja matawi akayatandaza nyuma yake na kuona ameshatimiza wajibu. Mchana matawi yanatosha. Usiku jani ni jeusi kama lami.

Gari za ng'ombe hazina betri, lakini vipande viwili vya stika inayoakisi mwanga, vyekundu nyuma na vyeupe mbele, hufanya kazi bila waya. Stika hiyo hiyo hukaa vizuri kwenye mkoba wa skuli, na binti mwenye buibui jeusi anaihitaji zaidi ya kaka yake mwenye kanzu nyeupe. Na kwa kuwa gari zetu hupita kushoto, watoto watembee upande wa kulia, wazitazame zinazokuja.

Mjini Chake Chake, jioni moja, chini ya mwembe, gari imeegeshwa nyuma yake ikielekea ukutani. Dereva ameagiza chai. Mwanawe wa kiume, wa miaka tisa hivi, amepandishwa kwenye kiti cha baba yake, mguu haufiki vizuri kwenye breki, amejikokota mpaka ukingoni mwa kiti. Fundi amechutama nyuma, bisibisi mdomoni.

"Ami, nikanyage?"

"Kanyaga. Usiachie."

Ukuta unapata doa jekundu upande wa kulia. Fundi analipiga kava la kushoto kwa kiganja. Doa la pili linatokea, linatetemeka, linapotea.

"Ipo?" mtoto anauliza.

"Moja. Shuka uje uione mwenyewe, kisha tuifungue hii nyengine."

Dereva ameweka kikombe chini. Anatoka kwenye kivuli, anasimama nyuma ya gari yake, na kumuuliza fundi ilikuwa hivyo tangu lini.

"Mimi nitajuaje, bwana?" fundi anasema. "Waulize abiria wako."